Meno 73 kwa Meno 137

Juzi mlinijia wanne, ovaroli safi, mmebeba pinyo mbili mpya ndani ya mfuko wa mchele ili niwasifu. Sikuwasifu. Nilihesabu meno ya ile kubwa kwa kidole, nikahesabu ya ile ndogo, nikazirudisha mfukoni na kuwaonyesha mlango. Mmoja wenu alipofika barazani akasema mzee huyu amezeeka vibaya. Ni kweli, nimezeeka vibaya, lakini masikio yangu hayajazeeka. Siku ile hasira ilinizidi. Leo nimetulia kidogo, si sana, nimeshika kalamu. Someni mkiwa mmekaa.

Mlipewa kazi ya mashine ya kusaga ya Gatumba, ile iliyozama kwenye tope wakati wa mafuriko. Mkapewa na pinyo zake za zamani ziwe mfano. Mkahesabu: ndogo meno 73, kubwa meno 137. Mkacheka. Mlinisimulia wenyewe jinsi mlivyocheka. Mkasema aliyekata hizi alikuwa mlevi, namba gani hizi zisizogawanyika, na tena ile kubwa ina matundu sita yaliyozibwa kule katikati kama suruali yenye viraka. Mkaona mziweke sawa. Sabini kwa mia moja arobaini: jumla ni 210, sawasawa na jumla ya zile za kwanza, kwa hiyo zinaingia palepale bila kusogeza ekseli. Mkajiona wajanja kweli kweli.

Mjue kwamba si nyinyi wa kwanza kuwa wajanja hivyo. Ujanja huohuo niliuona mtaani Buyenzi wakati wa vita, na mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Faida alikufa. Nimelisema mapema ili msinisome mkitafuta mahali pa kuchekea.

Atakayesoma haya na hajui kazi yetu, nimwambie kwamba pinyo ni gurudumu la chuma lenye meno pembeni. Injini inazungusha moja, nayo inazungusha nyingine, jino likisukuma jino. Kazi yangu kwa miaka yangu yote ilikuwa kukata meno hayo, katika atelie, yaani karakana, moja ya Buyenzi, chini ya Mzee Sefu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya kufuma iliyojaa mafuta ya mashine, na alipenda namba kama watu wengine wanavyopenda mpira. Akikuona umekaa tu, anakupa namba uivunje. Umeshindwa kuivunja, hunywi chai.

Namba aliyoipenda kuliko zote ni 10001. Iandikeni kwa tarakimu muione: moja, sifuri tatu, moja. Inaonekana nyepesi, haina kitu tumboni. Igawanyeni kwa mbili, inakataa. Kwa tatu inakataa. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zinagonga mlango na kurudi. Mimi nilihangaika nayo asubuhi nzima, nikamwambia Mzee Sefu haigawanyiki, naomba chai yangu. Akaninyima. Inagawanyika, ila kwa namba mbili tu nje ya moja na yenyewe: 73 na 137. Ukizidisha hizo mbili unapata 10001, na kila moja ya hizo mbili haivunjiki tena.

Sasa sikilizeni faida yake, maana Mzee Sefu hakuwa mtu wa kupenda kitu kisicho na faida. Pinyo yenye meno 73 ikikamatana na yenye meno 137, jino fulani la hii likigusana na jino fulani la ile, hayatagusana tena mpaka yapite makutano 10001. Katikati hapo kila jino la ndogo limekwisha kuonana na kila jino la kubwa, hakuna aliyerukwa. Jino likiwa na kasoro, kasoro hiyo inagawanywa kwa wote, kila mmoja anabeba kidogo, na pinyo zinachakaa pamoja taratibu hadi uzeeni. Lakini 70 kwa 140? Jino la ndogo linakutana na meno mawili tu ya kubwa. Hayohayo mawili, asubuhi, mchana, jioni. Likiwa na kasoro, linayatafuna hayo mawili peke yao mpaka yang'oke, na yaliyo jirani hayana habari.

Hiyo ndiyo hesabu mliyoicheka.

Mzee Sefu alikuwa na mchezo wake wa namba hiyo. Andika namba yoyote ya tarakimu nne, kisha uiandike tena ubavuni mwake ziwe nane. Itagawanyika kwa 137 bila kubaki kitu, na kwa 73 vilevile. Lazima, kwa sababu kuiandika mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 10001. Harusini alikuwa akiwala watu soda kwa mchezo huo. Siku moja ukatuokoa. Tulikuwa tunatoka kutazama pampu upande wa Mutanga Sud, tumebeba vyuma, tukakuta bariyeri, njia imefungwa na vijana wenye marungu, na mmoja ana gruneti anaichezea mkononi kama limau. Wakataka vitambulisho, wakatuuliza sisi ni wa nani. Mzee Sefu akawaambia yeye ni wa hesabu, na kama wana mtu aliyesoma, ampe namba ya tarakimu nne. Mmoja akasema 4816. Mzee Sefu akamwambia basi iandike mara mbili, 48164816, ugawe kwa 137, na ikibaki hata moja mfanye mnalotaka.

Yule kijana akachuchumaa akagawa mavumbini kwa kijiti. Nawaambia, sijawahi kuona mgawanyo mrefu kama ule. Ikatoka 351568, haikubaki kitu. Wakacheka, wakampiga begani, wakatuachia njia. Tulipokata kona Mzee Sefu akakaa chini barabarani. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa na hasira, akasema wapumbavu wale wanajua kugawanya vizuri kiasi kile, na kazi waliyopewa na wakubwa wao ni kugawanya watu. Mimi hasira yake niliirithi pamoja na vyombo vyake.

Turudi kwenye mashine. Wakati ule ilikuwa Buyenzi, si mbali na atelie yetu, mali ya Bwana Haruna, mfanyabiashara aliyekuwa amehamia Kinindo vita vilipochachamaa, kule kwenye majumba na utulivu. Aliyeiendesha ni Mama Faida, Mkongo wa Uvira. Alikuja kutafuta maisha, akamwacha binti yake Faida kwa bibi yake huko ng'ambo ya mpaka, akawa analala nyuma ya mashine. Alikuwa mrefu, sauti nzito, nywele nyeupe kwa unga kila wakati, na kucha nyekundu. Hakuna aliyewahi kuzielewa kucha zile. Mikono yote unga, kucha zinang'aa. Ukimuuliza anakwambia unga ni wa Haruna, kucha ni zangu.

Buyenzi ilijaa watu. Waliokimbia mitaa yao walikuja kwetu, kila nyumba ina familia tatu, nne. Sisi tulisema mtu ni mtu, aingie, ale. Lakini ale nini? Wakati wa siku za "ville morte", mji uliokufa, wanaume wenye silaha wakifunga mji, hakuna gari, hakuna duka, anayetoka ni shauri lake, chakula kilikuwa muhogo na mahindi yaliyokuwamo ndani ya mtaa, na kinu kilikuwa kile kimoja. Mama Faida alisaga hata kwa asiye na kitu. Haruna hakujua, au alijua akanyamaza, Mungu ndiye ajuaye. Mashine ile ikisimama, mtaa unalala njaa. Kila mtu alilijua hilo.

Pinyo zake za kwanza zilikuwa 73 na 137, za tangu enzi za Wabelgiji. Mzee Sefu alikuwa akizifungua mara kwa mara kuzisafisha, na akizirudisha alifuata desturi yake. Anaomba rangi ya kucha ya Mama Faida, anatia doa jekundu kwenye jino moja la ndogo na doa kwenye jino moja la kubwa, mahali yanapogusana. Kisha yule atakayefanya kazi na mashine ndiye anazungusha kwa mkono. Si fundi, si mwenye mali. Anayekula nayo. Mzee Sefu anahesabu mizunguko ya ile ndogo kwa tasbihi, mara moja nzima, tisini na tisa, halafu thelathini na nane juu yake. Ikitimia 137, madoa yanakutana. Yakikutana kabla, kuna kosa. Mama Faida alilalamika kila mara kwamba wazee hawa wananimalizia rangi, lakini alizungusha, na madoa yakigusana alipiga kigelegele.

Siku moja kipande cha bomu kikapasua bati la paa na kutumbukia katikati ya meno mashine ikiwa inasaga. Mama Faida hakuumia. Pinyo zilikwisha zote mbili.

Bwana Haruna akaja atelie. Mzee Sefu akamwambia itachukua wiki kadhaa. Msimwone mzee mvivu. Kukata meno unatumia kifaa cha kugawia, na kifaa kina sahani za matundu. Namba kama 140 unaipata kwa sahani ya matundu 49, imeshatobolewa kiwandani, unaanza asubuhi. Lakini 137 haivunjiki, hakuna sahani ya kawaida inayoifikia, wala 73. Magurudumu ya ziada ya kusaidia namba kama hizo tulikuwa nayo, yakaibwa siku atelie ilipovunjwa. Kununua mengine haikuwezekana, mipaka ilikuwa imefungwa kwa ambargo, vikwazo vya biashara, hata msumari ulikuwa wa kubembeleza. Ilibidi tujitengenezee sahani wenyewe, na umeme unakuja unavyotaka. Tulimweleza Haruna yote hayo. Tukamwambia mtaa tutaushikilia kwa vinu vya mkono na mawe, wanawake wamekubali kutwanga kwa zamu, wewe tupe muda tu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, tukadhani amekubali.

Kumbe alikwenda kwa Pasikali. Na hapa kalamu inataka kutoboa karatasi. Pasikali tulifundishwa pamoja, benchi moja, chai moja. Mzee Sefu alimnyima chai kwa 10001 kama alivyoninyima mimi. Pasikali aliijua hesabu hii kama anavyojua jina la mama yake, na akakata 70 kwa 140. Siku mbili tu, akazifunga, Haruna akamsifu mtaani kote, sisi tukaitwa wazee wa longolongo. Asiyejua nitamfundisha. Anayejua na akafanya, nifanye naye nini?

Mama Faida alimwambia Pasikali kwanza tuzungushe kwa mkono. Pasikali akacheka, akasema hayo ni mambo ya kizee, akakusanya vyombo vyake. Alipoondoka yule mama akatia madoa yake mwenyewe na kuzungusha. Kisha akaja kwetu, unga kichwani, akasimama mlangoni pa atelie.

"Mzee Sefu," akasema, "mi nimezungusha mara mbili tu, madoa yamekutana. Nimerudia, mara mbili tena. Ni vizuri?"

"Apana, binti yangu," Mzee Sefu akamjibu. "Si vizuri."

Tulikwenda wote watatu kwa Haruna, mpaka Kinindo, siku njia zilipokuwa wazi. Mzee Sefu alieleza kwa upole. Mama Faida naye alieleza. Haruna alisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, akasema mashine inazunguka, unga unatoka, nyinyi mna wivu na Pasikali. Akamwambia Mama Faida kama hataki kazi, wanaoitaka ni wengi. Yule mama akarudi kwenye mashine. Angefanya nini? Alikuwa na mtoto Uvira.

Ilisaga. Siwadanganyi, ilisaga, na miezi ya kwanza hata mimi nilianza kujiuliza. Lakini chuma chenyewe kilikuwa chuma cha vita, kimeokotwa kwenye magari yaliyoungua, mahali kigumu, mahali laini. Jino moja la pinyo ndogo lilitoka gumu kuliko wenzake. Katika 73 kwa 137 hilo jino lingezunguka kwa wote na kulainishwa kidogo kidogo. Katika 70 kwa 140 lilipewa wawili wa kuwala, likawala. Mama Faida alilisikia. Alisema mashine imeanza kuchechemea, tak, tak, mahali palepale. Mzee Sefu akamtuma mtu kwa Haruna, na jibu halikurudi.

Yakang'oka katikati ya siku za mji kufa. Mawili yale, na yalipong'oka yakaburuza mengine. Nyumba zote zilikuwa zimeleta muhogo wao, umekaa kwenye mabeseni foleni nzima, na watoto wa wageni wanalia. Tulimwambia Mama Faida angoje, tutwange. Akasema kutwanga kote kule hakutawafikia watoto kabla ya jioni, na kwamba kuna kinu ng'ambo ya mto Ntahangwa, mwenyewe anamjua, na yeye ni Mkongo, hawana ugomvi naye. Mzee Sefu akamshika mkono. Akautoa taratibu, akajitwika beseni.

Hakuvuka kurudi. Walimleta jioni vijana wa mtaa waliomkuta kando ya mto, na beseni wakaliacha kwa kuwa hawakuweza kubeba vyote viwili. Sijui nani alimuua. Kule wakati ule hapakuwa na kuuliza nani.

Mtaniambia aliuawa na vita. Nani kawaambia silijui hilo? Aliyemuua alishika silaha, na Mungu anamjua. Lakini mji ulikuwa umejaa silaha, na Mama Faida alikuwa na akili ya kukaa ndani. Kilichomtoa ndani ni namba iliyochaguliwa kwa sababu ni nyepesi kukata. Nimezeeka nikilitafuna hilo na halijalainika. Vita vilikuwa juu yetu, hatukuwa na uwezo navyo, sisi wenye bisibisi. Meno yalikuwa juu yetu sisi, na yale tulikuwa na uwezo nayo.

Tulimzika, na asubuhi yake Mzee Sefu akaanza 137 bila kuagizwa na mtu. Nawaeleza namna, maana hata wenye kompyuta iko siku umeme utawakimbia. Chukua bati jembamba, ukate utepe mrefu. Shika bikari, uifunge nafasi moja isibadilike, utembee nayo juu ya utepe, hatua kwa hatua, mpaka upate nafasi 137. Usianze kwa kupima urefu na kugawanya, utagombana na vipande vya milimita mpaka Kiyama. Tembea tu. Kata utepe kwenye alama ya mwisho. Halafu chukua duara la mbao lililo kubwa kidogo kuliko utepe unavyotaka, ulifunge kwenye mashine ya kukereza, ulinyoe kidogo, ujaribu utepe, ulinyoe tena, ujaribu, mpaka ncha mbili za utepe zibusiane. Nawajua nyinyi, mngekata utepe. Ole wenu! Ukikata utepe umeua nafasi moja. Mbao ndiyo inayoufuata utepe.

Kwa duara hilo unatoboa sahani ya kwanza. Itakuwa mbaya kidogo, usijali. Ifunge kwenye kifaa cha kugawia. Mkono wa kifaa unazunguka mara arobaini ndipo kazi izunguke mara moja, kwa hiyo kosa la tundu lako linagawanywa kwa arobaini. Ruka matundu arobaini kila mara, na kwa kuwa arobaini na 137 hazina kigawanyo kimoja, utapita kila tundu usirudie hata moja. Toboa hivyo sahani ya pili, ya chuma. Hiyo ya pili ndiyo inayokata meno. Kisha anza upya yote kwa ajili ya 73.

Chuma cha pinyo kubwa tulikipata kwenye kamyo ya mizigo iliyoungua, ile volani, yaani gurudumu zito la nyuma ya injini. Ina matundu sita ya boliti katikati. Tuliyaziba moja moja kwa vigingi vya chuma, tukayasawazisha.

Naona mmeacha kucheka.

Siku ya tatu ya kazi Pasikali akaja, akasimama mlangoni. Mimi nilinyanyua nyundo, wallahi nilikuwa nampiga. Mzee Sefu bila kugeuka akasema, "Mwache atoboe." Akampa ile sahani. Pasikali akatoboa matundu yote, macho mekundu, na kazi yake ilikuwa safi. Ilikuwa safi! Alikuwa anaweza tangu mwanzo. Hilo ndilo lililonikera zaidi, na mpaka leo sijamsalimia.

Tulipozifunga, Mzee Sefu akaingia kwenye chumba cha nyuma alikolala Mama Faida, akatoka na chupa ya rangi ya kucha. Akatia doa kwenye ndogo, doa kwenye kubwa. Desturi inasema azungushe yule atakayefanya kazi na mashine, na hakuwepo. Watu wamejaa, wanawake na mabeseni yao. Bwana Haruna amekuja kutoka Kinindo, shati jeupe. Mzee Sefu akamwonyesha mkono wa kuzungushia.

"Zungusha wewe," akamwambia.

Akazungusha. Mwanzoni kwa haraka, kisha jasho, kisha akabadilisha mkono. Doa likapita doa, likalikosa kwa jino moja, likalikosa kwa mengi, likakaribia, likapitiliza. Tasbihi ikaisha mara moja, Mzee Sefu akaanza upya. Mwisho wekundu ukagusa wekundu, Haruna akasimama akitweta.

"Sasa kila jino limeonana na kila jino," Mzee Sefu akasema. "Hiki ndicho tulichokuombea muda."

Haruna akakaa juu ya gunia akalia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mimi sikumpa pole. Wa kuombwa radhi alikuwa amekwisha fukiwa.

Mashine ile ilisaga mpaka vita vikaisha, ikasaga na baada ya hapo. Mzee Sefu alitangulia, Mungu amrehemu. Haruna alipozeeka aliitoa mashine, akaituma Gatumba kwa gari lake mwenyewe, kwa binti wa Mama Faida, aliyekuwa amevuka kutoka Uvira na ana watoto wake. Kama alitubu au alichoka, mimi sijui. Tangu tulipozifunga, pinyo hizo hazikuwahi kuvunjika jino. Zilichakaa zote sawa, kama wazee wa nyumba moja, mpaka mto ukaja ukazizamisha kwenye tope na kutu ikazimaliza. Ndizo mlizopewa. Mlevi mliyemcheka ni Mzee Sefu. Viraka vile sita niliviziba mimi.

Na yule mama aliyewapa kazi, aliyewasihi mkate kama zilivyokuwa, mkamwambia haelewi mambo ya kisasa, jina lake ni Faida.

Leteni zile za zamani hapa kwangu, msizipeleke kwa wauza skrapu. Hizi zenu mpya zikateni vipande, mtengenezee bawaba za milango, chuma chake si kibaya. Kisha mkate 73, mkate 137, kwa kompyuta au kwa bati na bikari, hilo juu yenu. Mkimaliza, njooni mnichukue, tutakwenda Gatumba pamoja, na atakayezungusha ni Faida. Rangi ya kucha nimekwisha nunua.